Fungu la Wankyo

Kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, Wankyo Sasi alijaza maji glasi mpaka ukingoni, akanyoosha mkono wa kulia mbele yake na kuhesabu hadi sitini. Kisha akahamishia glasi mkono wa kushoto, akahesabu tena. Asipomwaga tone, aliyanywa yale maji akaenda zake kazini. Alianza mchezo huo akiwa na miaka kumi na minne, na sasa alikuwa na thelathini na minne, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe ni glasi ngapi. Nasema mchezo, lakini haukuwa mchezo hata siku moja.

Alichokuwa akikitafuta kwenye maji yale ni mtetemo. Bibi yake, Ghati, aliyelala chumba cha pili, alikuwa nao. Ulimwanzia kwenye kidole gumba cha kushoto alipokuwa na miaka hamsini na tisa, na mwaka huohuo Wankyo akaanza kupima mikono yake. Ukapanda mkononi, ukafika shingoni, sasa ulikuwa unamla hadi ulimi. Ghati alikuwa ameshakula chumvi nyingi, ana miaka sabini na tisa, na akishika kijiko mwenyewe uji wote uliishia kifuani. Kwa hiyo Wankyo ndiye aliyemlisha. Daktari alisema zimebaki wiki chache, labda miezi miwili, na Ghati alipoambiwa aliuliza kitu kimoja tu: nani atampeleka Nyamwaga.

Alitaka azikwe huko, kwenye boma la marehemu mume wake Sasi, ubavuni mwa Matinde. Matinde ndiye mama yake Wankyo, aliyefariki Wankyo akiwa darasa la kwanza. Karibu kila jioni Ghati aliirudia habari hiyo, kwamba alazwe upande wa kushoto, kwa sababu Matinde alipenda kulala kulia na hakuwahi kukubali kubadilishana. Wankyo alicheka na kumwambia atalazwa anakotaka. Baba yake, Muhiri mwana wa Ghati, alikuwa amekufa kabla yeye hajazaliwa. Hivyo ndivyo alivyoambiwa, na hakuwa na sababu ya kuuliza zaidi. Duniani alikuwa na Ghati, na alikuwa na mume wake Magige, fundi wa mitambo ya jua, basi.

Magige alitengeneza kitanda cha mtoto mwaka wa kwanza wa ndoa yao. Alikitengeneza kwa mbao za mvule, akakipiga msasa mpaka ukikipapasa unaona aibu kwa ukavu wa mikono yako. Mwaka huu ni wa saba. Kwenye kitanda hicho waliweka nguo zilizofuliwa zikisubiri kupigwa pasi, na siku ambazo nguo zilikwisha zote, Wankyo aliharakisha kutafuta nyingine za kufua. Hakuweza kukiona kikiwa kitupu.

*

Kazi ya Wankyo ilikuwa kuchora miti. Si miti ya kupanda. Tangu Sheria ya Mti ipite, miaka zaidi ya arobaini nyuma, kila ukoo nchini ulichorwa kwenye Mti mmoja mkubwa uliotunzwa na mashine: mwanamume mraba, mwanamke duara, mgonjwa amejazwa rangi nyeusi. Kutoka hapo mashine ilikokotoa fungu la kila mtu, yaani bahati yake ya kuwa amerithi ugonjwa wa kwao. Fungu liliandikwa kwenye kitambulisho, chini ya jina. Aliyekuwa na zaidi ya moja ya kumi hakupewa kibali cha uzazi, na mtoto aliyezaliwa bila kibali hakuandikwa popote. Asiyeandikwa hapati chanjo, hapati shule, na akifa hana wa kumdai.

Siku ambayo mambo haya yalianza, Wankyo alikuwa na mteja mmoja aliyeitwa Nyamhanga, kijana wa miaka ishirini na mbili, amevaa shati la kuazima. Baba yake alikuwa na mtetemo. Kaka zake watatu walikuwa nao. Nyamhanga alikaa akatabasamu na kusema yeye basi amepona, maana kaka zake wameshaumaliza.

Wankyo alikuwa amesikia maneno hayo mara mia, na kila mara yalimuuma. Alivuta vibakuli viwili alivyoviweka mezani kwa kazi hiyo, akavigeuza kifudifudi. Alimweleza kwamba baba yake ana nakala mbili za ile sehemu ya damu, moja nzima na moja mbovu, na kila anapozaa anatoa moja tu bila kuchagua. Alipozaliwa kaka wa kwanza, aligusa kibakuli kimoja. Alipozaliwa wa pili, vibakuli vilikuwa vilevile viwili, wala havikukumbuka kilichotokea mwanzo. Wa tatu vilevile. Na wewe vilevile, kaka yangu, nusu kwa nusu, kana kwamba hao wengine hawakuwahi kuzaliwa.

Nyamhanga aliacha kutabasamu. Aliuliza kama litabaki nusu hadi afe. Wankyo akamwambia hapana, linapungua: kila mwaka unaopita mtu akiwa hana dalili, mashine inampunguzia kidogo, kwa sababu wenye ugonjwa baadhi yao wangekuwa wameshaanza kutetemeka. Hakumwambia kwamba anaijua hesabu hiyo kwa kujipimia mwenyewe. Bibi mgonjwa, baba nusu, mjukuu nusu ya nusu: robo. Shuleni walimwita Robo, na jina likamganda. Lakini kufikia miaka thelathini na minne, robo ya wenye mtetemo huwa wameshaanza, na yeye hajaanza, kwa hiyo robo yake ilikuwa imeshuka ikawa moja ya tano. Moja ya tano bado si moja ya kumi. Na akitimiza thelathini na mitano, mlango wa kibali unafungwa hata angekuwa malaika.

Kulikuwa na njia nyingine, kutoa damu ipimwe. Watoto wa koo zenye ugonjwa hawakuguswa damu. Sheria iliwapa haki ya kutojua mpaka watake wenyewe. Wankyo alikuwa ameishikilia haki hiyo kwa miaka ishirini. Alijua kabisa kwamba majibu yakija mabaya hatahitaji glasi tena, na jambo hilo lilimtisha kuliko glasi yenyewe. Lakini zilibaki siku hamsini na moja afikishe miaka thelathini na mitano. Wiki mbili kabla ya siku ile ya Nyamhanga, alipiga moyo konde, akatoa damu bila kumwambia mtu, hata Magige.

Majibu yalikuja mchana ule Nyamhanga alipoondoka. Aliyafungua akiwa amesimama.

Mstari wa kwanza ulisema damu yake haina mtetemo. Aliusoma mara tatu. Alikaa chini, akaona mikono yake imetulia juu ya meza kama ya mtu mwingine, na akaanza kulia kwa furaha, akijikaza asisikike mlango wa pili. Alikuwa ameshaanza kuwaza namna atakavyomwambia Magige aondoe nguo kitandani.

Kisha akasoma mstari wa pili. *Sampuli haina uhusiano na shina.* Shina, kwa lugha ya Mti, ni mtu ambaye ukoo unaanzia kwake. Shina la ukoo wake lilikuwa Ghati.

Chini yake palikuwa na maneno mawili ya kuchagua, Thibitisha na Kataa, na siku saba. Akithibitisha, anakatwa kwenye mti wa Ghati, fungu lake linakuwa sifuri na kibali kinatoka siku hiyohiyo. Akikataa, majibu yote mawili yanafutwa, anabaki pale alipo na moja ya tano yake, na hapimwi tena mpaka ipite miaka miwili. Siku saba zikiisha kimya, ni sawa na kuthibitisha.

Wankyo alikuwa mchora miti, hakuhitaji kuelezwa. Maiti hutolewa mochwari kwa mtu aliyeungwa naye kwenye Mti tu. Ghati hakuwa na mwingine. Akikatwa yeye, ukoo unaandikwa *umefungwa*, na Ghati atazikwa na manispaa, kwenye makaburi ya mji, chini ya kibao chenye namba.

*

Mchora mti haruhusiwi kufungua mti wa kwao. Siku ile aliufungua. Alitazama mraba wa Muhiri kwa mara ya kwanza maishani, akaona kile ambacho angekigundua kwa mteja yeyote kwa dakika moja: hakuna kliniki aliyozaliwa, hakuna shule, hakuna siku ya kifo, hakuna kaburi. Kuna jina tu, na jina la karani aliyeliandika, mtu wa Lindi aliyekuja na kundi la kwanza la wachoraji kufika Nyamwaga.

Alikwenda nyumbani kwa miguu. Alimkuta Ghati amekaa kibarazani juani, shuka magotini, kichwa kikiyumba taratibu kama kawaida. Wankyo hakumsalimia. Alipiga magoti mbele yake akamuuliza Muhiri alizaliwa lini.

Ghati alimgeuzia uso. Kisha akauliza, "Wamekupima?"

Hapo Wankyo akajua kwamba Ghati anajua, na kwamba alikuwa anajua siku zote.

Ghati alieleza polepole, maneno yakimtoka vipandevipande, na Wankyo alisubiri kila kipande. Aliolewa na Sasi akiwa na miaka kumi na tisa na hakushika mimba hata moja. Miaka ishirini na mitano alimngoja mtoto wa kiume. Alimpa na jina, Muhiri. Akajua atakuwa mrefu, akajua atakuwa na kigugumizi kidogo kama baba yake. Sasi alipofariki, nyumba ikabaki bila mrithi, na Ghati akafanya ambacho wanawake wa Kikurya wasio na mtoto wa kiume walikuwa wakifanya tangu zamani, ingawa siku zile watu walishaanza kukionea haya. Alitoa ng'ombe, akaoa mke. Alimwoza Matinde kwa Muhiri, kwa mwana ambaye hakuzaliwa. Watoto ambao Matinde angewapata wangekuwa wa nyumba ile, wajukuu wa Ghati, na mwanamume aliyekuja usiku na kuondoka hakuwa na jina wala hakuulizwa. Karani wa Lindi alipofika na kuuliza baba wa mtoto ni nani, Ghati akajibu kama mila inavyojibu: Muhiri. Alipoulizwa yuko wapi, akasema hayupo.

"Sikumdanganya," alisema Ghati. "Muhiri ni baba yako. Mimi ndiye niliyekosa kumzaa, lakini baba yako ni yeye."

Wankyo hakuwa na ugomvi na Muhiri. Alichotaka kujua ni kitu kingine, na alipokitamka sauti ilimpanda.

"Miaka ishirini unaniona na glasi, bibi. Kila asubuhi. Ulijua mimi siwezi kuwa nao. Kwa nini hukuniambia?"

Mikono ya Ghati ilikuwa inaruka juu ya shuka na hakuweza kuizuia. Machozi yalimshuka bila yeye kuyafuta, kwa kuwa kuyafuta kwenyewe kulikuwa kazi.

"Ningekwambia, ungekuwa mtoto wa watu," alisema. "Siku ya kwanza ulipojaza ile glasi, nilikuja mpaka mlangoni nikwambie. Nikakuona unavyohesabu. Nikasema moyoni, huyu anaogopa kwa sababu ni wangu. Basi nikarudi kitandani. Nilikuacha uogope, mjukuu wangu. Nilipenda."

Wankyo aliinuka akaingia ndani. Jioni ile Magige ndiye aliyemlisha Ghati uji.

*

Alimweleza Magige yote, na Magige, aliyekuwa mtu wa maneno machache hata siku za sherehe, alisogeza chai yake pembeni. Kisha akasema atakubali lolote. Wankyo akamwambia asimtupie mzigo kwa upole. Magige akakubali kwamba ni kweli, akasema basi yeye anataka mtoto, anamtaka mpaka anaona aibu kupita karibu na shule ya chekechea, lakini hataki siku moja mtoto huyo aulize bibi amezikwa wapi na wao watazame chini. Hayo ndiyo aliyoyasema. Hayakumsaidia Wankyo hata kidogo, ila alishukuru kwamba yamesemwa.

Siku ya pili na ya tatu Wankyo hakuzungumza na Ghati zaidi ya salamu na dawa. Alikuwa na hasira ya mtu aliyeibiwa asubuhi elfu saba. Alikumbuka mvulana wa sekondari aliyemkimbia aliposoma kitambulisho chake. Alikumbuka alivyokataa kwenda kusomea upasuaji kwa kuwa daktari wa upasuaji mwenye mikono inayotetemeka hana kazi. Yote hayo kwa ajili ya ugonjwa usio wake.

Siku ya nne alimwogesha Ghati, na Ghati alikuwa mwepesi, mifupa tu. Alipomsugua mgongo aliona alama ya moto begani, na akakumbuka alivyoipata: usiku wa homa, Wankyo akiwa na miaka minane, Ghati alimbeba mgongoni huku akichochea jiko, akaungua na hakumtua. Hakuna mashine iliyoandika hilo. Wankyo aligundua kwamba kinachomuuma si kuogopa bure miaka ishirini. Kinachomuuma ni kwamba huo mtetemo alikuwa ameuzoea kama kitu cha kwao, kitu pekee ambacho yeye na Ghati walikuwa nacho pamoja, na sasa ameambiwa hata huo si wake. Alitamani kurudi nyuma wiki moja tu. Alitamani kuwa Robo.

Na papo hapo alimtamani mtoto. Alimtamani kwa namna ambayo Ghati alimtamani Muhiri, kwa jina na kimo. Nani angemwelewa kuliko huyu mwanamke aliyekaa kwenye beseni mbele yake?

Siku ya sita, asubuhi, alishika glasi kwa mazoea, akahesabu, akanywa. Alikuwa ameamua. Angekataa. Matinde alikuwa akingoja upande wa kulia wa lile kaburi, na aliyepaswa kumpeleka Ghati alikuwa mmoja tu. Njiani alilia hadi akafika ofisini, maana kitanda cha mvule hakitapata mtu, na yeye ndiye aliyeamua hivyo.

Alifungua taarifa yake. Yale maneno mawili hayakuwepo. Palikuwa pameandikwa: *Imethibitishwa na shina, leo, saa moja na dakika kumi.*

Msimamizi wake, Bwana Kerario, mtu mnene mwenye huruma aliyoificha kwa kukohoa, alimwita na kumfungia mlango. Alisema shina naye hupelekewa taarifa na anaruhusiwa kuthibitisha, na sheria inampa Wankyo haki ya kuisikiliza simu aliyopiga Ghati. Akamwekea sauti, akatoka nje.

Wankyo alisikia sauti ya karani kijana, akiuliza jina, na sauti ya nesi aliyekuja nyumbani kila asubuhi, akimsaidia Ghati kusogea karibu. Karani aliuliza bibi ana watoto wangapi.

"Sina."

Karani, kwa adabu, akauliza aliwahi kuzaa.

Wankyo aliisikia pumzi ya Ghati, na nyuma yake mlio mdogo wa pete ya Ghati ikigongagonga mkono wa kiti. Katika miaka yake yote, kwa ng'ombe, kwa harusi, kwa mke, kwa mjukuu, mwanamke huyu alikuwa amejenga nyumba nzima ili asilazimike kulisema neno hili.

"Sikuzaa," alisema Ghati. "Sikuzaa hata mmoja."

Karani akauliza Muhiri Sasi ni nani, maana yumo kwenye Mti.

"Mfute," alisema Ghati. "Hakuzaliwa. Nilimngoja tu."

*

Wankyo aliomba ruhusa akarudi nyumbani kabla ya saa nne. Kwenye kitambulisho chake, chini ya jina, palikuwa na sifuri. Hakuitazama zaidi ya mara moja.

Ghati alikuwa kibarazani pale pale, kwenye jua lile lile, akiwa amechoka sana. Wankyo alikaa chini karibu na miguu yake. Alimwambia kwamba asubuhi alikuwa anakwenda kukataa.

"Nilijua," alisema Ghati. "Uliondoka bila kuniaga. Nikamwambia nesi afanye haraka."

Wankyo alimuuliza sasa Matinde itakuwaje. Ghati akatazama mbali, akajaribu kutabasamu upande mmoja wa mdomo ambao bado ulimtii. Alisema Matinde alikuwa anavuta shuka usiku, labda atafurahi kulala peke yake. Kisha tabasamu likamtoka, akasema alimkumbuka sana, alimkumbuka kila siku, na kwamba Wankyo akipata nafasi, yeye na mtoto, waende Nyamwaga wamwambie Ghati alitaka kuja. Wankyo akaahidi.

Wakakaa. Nesi alikuwa ameondoka, na Magige hajarudi. Baadaye Ghati alisema ana kiu.

Wankyo aliingia ndani akaichukua ile glasi, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu, akaijaza kwa mazoea mpaka ukingoni. Alipotoka nayo kibarazani, Ghati aliitambua. Alinyoosha mkono wake unaoruka, akaushika mkono wa Wankyo pamoja na glasi, kana kwamba anataka wahesabu wote wawili.

Walifika kumi na mbili. Maji yakamwagika, yakawalowesha vidole, yakashuka mpaka kwenye viwiko, na hakuna kati yao aliyejua ni mkono wa nani uliotetemeka.